Mkono wa Tisa

Kwa miaka ishirini na miwili alipokea maziwa kwenye mlango wa nyuma wa kiwanda. Kabla mashine ya kupimia haijatoa jibu, yeye alikwisha kunusa na kujua, ndiyo maana wenzake wakamwita Mama Pua. Wafanyakazi walipotakiwa kumtoa mmoja wao aingie kwenye bodi, walimtaja yeye bila ubishi.

Kikao chake cha kwanza kilijadili vifuniko vipya vya chupa, vyembamba kuliko vya zamani. Chupa ya mfano ikapitishwa mezani. Ilipomfikia aliibinua kidogo, tone la maziwa likapenya kifunikoni na kumdondokea kiganjani. Akalifuta kwenye sketi. Mwenyekiti, daktari wa mifugo mstaafu na mtu mpole, akauliza kama wanakubaliana. Mikono minane ikapanda. Wa tisa ulikuwa wake, na hakumbuki aliuinua saa ngapi.

Nyumbani mumewe, fundi seremala, alitaka kujua mambo yalikwendaje.

"Tumepitisha vifuniko vipya," akamjibu.

"Wewe umevionaje?"

"Tumeona vinafaa."

"Mama watoto, nimekuuliza wewe, siyo ninyi."

Akainuka, akaenda kupakua chakula. Mwezi mzima akili haikumtulia.

Kikao cha pili alipiga moyo konde. Aliomba nafasi, akaisimamisha chupa kichwa chini juu ya makabrasha, na maziwa yakaanza kuchuruzika. Mwenyekiti hakukasirika. Aliuliza tu kwa nini hakusema mapema. Akajibu hajui, na kweli hakujua. Ndipo mwanasheria aliyekaa kulia kwake akakohoa, akakiri kwamba hata yeye aliliona lile tone. Mkuu wa usafirishaji naye vilevile. Kila mmoja alidhani wenzake wameridhika, akaona haya kuwa mkorofi peke yake. Uamuzi ukafutwa, na tangu siku hiyo kila mjumbe akawa anaandika maoni yake kwenye karatasi kabla ya kura.

Alitoka kifua mbele, lakini hakufika mbali. Mlangoni mwa chumba cha kufungia chupa alikuwa akingojwa na msimamizi wa wafungaji, yule yule aliyempigia debe aingie kwenye bodi. Vifuniko vya zamani vilikuwa vigumu, vikiwachubua vidole, na habari za vyembamba zilikuwa zimewafurahisha.

"Dada, sisi ndio tuliokutuma kule," alisema kwa upole. "Hukujituma mwenyewe."

"Lakini vinavuja."

"Basi ungetuuliza kwanza."

 Mezani alisifiwa kwa kuwa yeye mwenyewe; huku chini alilaumiwa kwa kutokuwa wao. Kikao kilichofuata aliandika maoni mawili yanayopingana kwenye karatasi moja: vifuniko vyembamba visirudi, na vya zamani viondolewe. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akamuuliza yapi ni yake. Akasema yote.

Ilichukua miezi minne kupata vifuniko laini visivyovuja. Vidole vikapona, ila baadhi ya wafungaji waliendelea kumpita bila salamu. Muda wake ulipokwisha aliagana na bodi moyoni, akiamini wafanyakazi hawamtaki tena. Wakamchagua, wale wasiomsalimia wakiwa wa kwanza.

Alimfuata msimamizi akamuuliza sababu.

"Hata sijui, dada. Wote walikuwa wanasema ni wewe."

Alitaka kucheka, akataka kukasirika. Lori la maziwa lilikuwa linapiga honi uani, akaenda kulipokea.