Siku Kinanda cha Sheila Kilipovuliwa Vitambaa

Je, wewe mwenye mtoto, umewahi kumkalisha wa miaka saba mbele ya kinanda, ukageuka kidogo tu kukoroga mboga, na uliporudi ukakuta kiti kitupu na mtoto yuko nje anaruka kamba?

Kama umewahi, basi utamwelewa Wangui.

Saa kumi na moja jioni, mtaa wa Nyalenda, Kisumu. Mlango wa nyumba ya Wangui uko wazi, na pazia limefungwa fundo katikati ili hewa ipite. Nje, akina mama wamepanga mitungi yao ya manjano kwenye bomba la maji, kila mmoja anajua aliyemtangulia. Ndani, mkono wa kushoto kuna kitanda, mkono wa kulia kuna kabati ya vyombo, na katikati, mahali ambapo wengine wangeweka viti na meza, kimesimama kinanda cha mbao, kizee, cha rangi ya kahawia, kimeinuliwa juu ya matofali bapa ili maji ya mvua yasikifikie.

Sheila amekalia ndoo ya rangi iliyowekewa mto juu. Mama yake amevuta kigoda karibu, sindano ya kroshia mkononi, uzi umelala mapajani.

"Leo rangi gani?" Wangui anauliza.

"Manjano."

"Haya. Anza. Mpaka nizunguke nifike hapa nilipoanzia."

Mtoto anaanza. Mkono wa kulia unakimbia mbele, wa kushoto unachelewa kidogo, kisha unaufikia. Sauti inapenya kwenye mabati na kuingia nyumba ya pili, na baada ya muda mfupi kikohozi kizito kinasikika upande ule.

"Nimeamka, nimeamka," mwanamume anasema kutoka ng'ambo ya ukuta. "Endelea tu."

Huyo ni Mukhwana, askari wa usiku katika ghala moja karibu na reli. Hulala mchana, na siku hizi hana haja ya saa ya kengele. Sheila akianza kucheza, yeye huamka, hunawa uso, hunywa chai yake na kwenda kazini.

"Siku ile mtoto alikuwa na homa, mimi nilichelewa," anasema Mukhwana, akifunga kamba za viatu mlangoni pake. "Bosi akaniuliza sababu. Nikamwambia kinanda hakikulia. Aliniangalia sana."

Lakini haikuanza hivyo. Miezi michache iliyopita, kinanda hicho kilikuwa kimya kama kabati, na nusura Sheila apoteze nafasi yake ya kufundishwa.

Wangui hufuma vitambaa vya viti. Wanunuzi wake katika soko la Kibuye humwita Mama Vitambaa. Alizaliwa Ol Kalou, akaolewa na Karanja, na wote wawili wakaja Kisumu kutafuta riziki. Karanja huuza viatu vya mitumba, na siku za soko huenda mpaka Sondu. Wangui hutundika kazi zake kwenye ua wa soko: vya kochi, vya meza, vya juu ya friji, vyeupe vyenye ukingo wa buluu, vya rangi ya maziwa vyenye maua ya waridi katikati. Jumapili nzuri huuza seti mbili. Mvua ikinyesha, hurudi na vitambaa vyenye matope na kuanza kufua.

Sindano alifundishwa na mama yake akiwa na umri wa Sheila.

"Kwetu redio ya baba ilikuwa na kitambaa chake," anasema. "Thamosi ilikuwa na chake. Ukiweka kitu mezani bila kitambaa, mama anakuuliza, hiki ni cha nani?"

Ni vitambaa hivyo vilivyomfikisha kwa Ticha Daxa, mwalimu wa kinanda ambaye hufundisha watoto wachache nyumbani kwake mtaa wa Milimani. Daxa na mumewe Rasik, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, walikuwa wameagiza vitambaa vya kochi na kitambaa kirefu cha meza ya chakula. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Wangui alikwenda na mtoto.

Watu wazima wakiwa wanapima meza, walisikia sauti moja kutoka chumba cha pili. Kisha nyingine. Sheila alikuwa amesimama mbele ya kinanda, anabonyeza kwa kidole kimoja, anangoja sauti iishe yote, ndipo anabonyeza tena.

"Watoto wengine wanapiga-piga kama ngoma," anakumbuka Daxa. "Huyu alikuwa anangoja. Mimi nilimwambia Rasik, huyu mtoto anasikiza."

Daxa alimpa Sheila nafasi ya kila Jumamosi. Zaidi ya hapo, alikuwa na kinanda cha zamani kilichokaa stoo, ambacho vibonyezo viwili vya upande wa sauti nzito havikulia kabisa. Akampa Sheila. Mkokoteni ulikiteremsha kutoka Milimani mpaka Nyalenda, wanaume wanne wakisukuma na Wangui mbele akiwaomba watu nafasi. Ilibidi mlango wa nyumba ung'olewe.

Karanja aliporudi kutoka Sondu alisimama pale nje akiangalia.

"Mama Sheila," alisema, "hiki kitu kimeingia. Sasa niambie sisi tunalala wapi?"

Basi Wangui alifanya lile ambalo mtu wa kazi yake angelifanya. Alikaa siku nyingi akikifumia kinanda mavazi. Kwanza kitambaa kirefu cha juu, chenye pindo linaloning'inia. Kisha cha kufunika vibonyezo, chepesi kama chandarua. Viwili vidogo vya pembeni. Kimoja cha pale pa kuwekea karatasi za muziki. Juu ya vyote akatandika nailoni safi ili vumbi la barabara lisiingie kwenye uzi. Majirani walikuja kutazama, na wawili wakaagiza vya kwao.

Ila mtoto hakucheza.

Wangui anaeleza kwa mpangilio jinsi mambo yalivyokuwa. Sheila atoke shule, anawe mikono kwa sabuni, akaushe. Atoe nailoni, aikunje. Atoe kitambaa cha juu, akikunje mara nne, akiweke kitandani, si kwenye kiti. Vya pembeni juu yake. Kile chepesi kishikwe kwa ncha mbili kisivutike. Acheze. Akimaliza, arudishe kila kimoja mahali pake, maua yakiangalia mlango.

"Nilikuwa namwambia, nenda ufanye mazoezi. Ananiambia, Mama, tumbo," anasema Wangui. "Kesho yake kichwa. Siku nyingine ananiambia kuna kazi ya shule, na daftari sioni. Nilimfokea. Nikamwambia kuna watoto wanalilia kitu kama hiki. Akalia, akacheza kidogo huku analia, na mimi nikajiambia, angalau amecheza."

Tena kulikuwa na Mukhwana. Siku zile Wangui alikuwa akimkalisha mtoto mara tu anapotoka shule, saa ambayo usingizi wa askari ndio kwanza umekolea.

"Nilimwendea kwa heshima," anasema Mukhwana. "Nikamwambia, Mama Sheila, mimi sichukii muziki. Nachukia muziki wa saa tisa."

Kwa Daxa, mambo hayakufichika. Jumamosi baada ya Jumamosi, Sheila alirudi pale alipoachia. Mwalimu alimpa zoezi dogo la mikono miwili, na kila wiki lilikuwa geni kama siku ya kwanza. Mwishowe alimweka Wangui kando, akamweleza bila kuzunguka.

"Mimi nafundisha siku moja tu," alimwambia. "Siku zile zingine ni za nyumbani. Kuna mtoto mwingine anangoja hii nafasi. Shule zikifungwa, kama Sheila hawezi hili zoezi kwa mikono miwili mpaka mwisho, mimi nitampa huyo mwingine. Usinikasirikie."

Wangui hakukasirika. Alirudi nyumbani kwa miguu, mtoto mkono mmoja, mfuko wa uzi mkono wa pili.

Daxa naye hakutulia. Wiki iliyofuata alifika Nyalenda mwenyewe, akiwa ameshika pindo la sari yake lisiguse maji ya mtaro. Aliinama kuingia, akasimama, akatazama kile kinanda na mapambo yake yote kwa muda mrefu.

"Mama Sheila," aliuliza, "hii ni kinanda ama ni bibi harusi?"

Akina mama wa kwenye bomba walicheka mpaka mmoja akakosa zamu yake. Wangui pia alicheka, ingawa anakiri neno lile lilimchoma kidogo ndani.

Daxa alimwomba Sheila amwonyeshe jinsi anavyoanza mazoezi. Mtoto akanawa. Akatoa nailoni. Akakunja, akapanga, akashika ncha mbili. Alipofika kwenye vibonyezo alikuwa tayari amechoka, na alipokaa aligeuka kwanza kuangalia kama vitambaa pale kitandani vimekaa sawa.

"Umeona?" Daxa alimwambia Wangui kwa sauti ya chini. "Wewe unafikiri anakimbia muziki. Anakimbia vitambaa."

"Lakini ni kukitunza, Ticha."

"Najua. Kimetunzwa sana. Sasa kiache kiwe wazi, aguse akipita. Akiwa na uji mkononi, hiyo mkatalie. Lakini mikono mitupu, mwache. Na acheze kidogo kila siku, saa ile ile, na wewe ukae karibu. Usimtume peke yake kama anaenda dukani."

Jioni hiyo Wangui alivivua vitambaa vyote. Anasema nyumba ilionekana kama imeibiwa. Alipofika kwenye kile chepesi cha vibonyezo alisita, akakishika mkononi mpaka ugali ukaanza kuungua. Halafu akakikunja, akakiweka na vya kuuza, na Jumapili mteja wa kwanza akaondoka nacho.

Ilibaki swali la kukaa karibu. Mikono ya Wangui haijui kukaa bure, na kazi ya watu ilikuwa inangoja. Kwa hiyo alivuta kigoda, akachukua sindano yake, akaanza kitambaa cha duara. Sheila alipouliza acheze mpaka saa ngapi, alimjibu lililokuwa karibu na ulimi: mpaka mimi nimalize mzunguko huu.

Mzunguko wa kwanza wa kitambaa cha duara ni mdogo, karibu na upana wa kifuniko cha chupa. Sheila hakuwa amechoka ulipokwisha. Siku ya pili mzunguko ukaongezeka kidogo, na wa tatu ukaongezeka juu ya huo. Kitambaa kilipofika upana wa sahani, mtoto alikuwa anacheza muda mrefu kuliko alivyowahi kucheza, na hakuna aliyekuwa amefokewa.

"Mimi sikupanga," anasema Wangui. "Kitambaa chenyewe ndivyo kinavyokua."

Sheila aligundua mapema. "Mama, mzunguko wa leo ni mrefu," alimwambia siku moja bila kusimamisha vidole.

"Ni wa kochi ya Mama Apondi. Unajua kochi yake ilivyo pana."

"Kwani lazima anunue kochi pana?"

Siku kitambaa kipya kinapoanzwa ndiyo sikukuu yake, kwa sababu mzunguko unarudi kuwa mdogo. Kuchagua rangi ya uzi pia ni haki yake, ndiyo maana siku hizi Kibuye utakuta vitambaa vya Wangui vina manjano mengi kuliko zamani. Wateja wanauliza. Yeye anawaambia ni mtindo.

Kuhusu saa, alikwenda kwa Mukhwana wakapatana. Askari alitaka kuamshwa saa kumi na moja, mtoto alitaka kwanza acheze nje na wenzake. Ikawa saa kumi na moja. Tangu siku hiyo Wangui hamwiti tena Sheila. Mtoto mwenyewe huacha kamba na kuingia ndani akisema, "Naenda kumwamsha Baba Mukhwana."

Wangui ana mipango yake. Anataka kuhamia nyumba yenye vyumba viwili kabla ya mvua za mwakani, kinanda kitoke juu ya matofali. Anataka fundi aje aangalie vile vibonyezo viwili bubu. Anatamani siku moja akae benchi la nyuma kanisani na Sheila awe mbele anacheza, watu wakiimba.

"Sitasema ni wangu," anasema. "Nitangoja waulize."

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufungwa, mama na mtoto walipanda Milimani wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Daxa alifungua karatasi, akaiweka mbele ya Sheila, akaketi pembeni. Wangui alikaa kwenye kochi, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakuwa amebeba uzi.

Sheila alianza. Mkono wa kulia ukaenda, wa kushoto ukaja nao, pamoja, ukurasa ukateremka mstari kwa mstari. Ilipobaki sehemu ndogo tu, Wangui hakuweza kujizuia.

"Vizuri sana, mami."

Vidole vikasimama. Sheila alivuta pumzi, akarudi nyuma kidogo, akacheza tena mpaka sauti ya mwisho, akangoja iishe yote.

"Nafasi ni yake," Daxa alisema. "Lakini mimi sijamuuliza mwenyewe. Sheila, sisi wakubwa tumesema mengi. Wewe unataka kuendelea?"

Mtoto aliangalia vibonyezo. Wangui alifungua mdomo kumjibia, na Daxa akainua kidole kumzuia. Nje, mtu alikuwa akifagia majani.

"Nataka," Sheila alisema.

Kisha, bila kugeuka:

"Lakini nataka Mama angoje nimalize. Akisema vizuri kabla sijamaliza, najua ameacha kusikiza. Mimi nataka anisikize mpaka mwisho."