Bakshishi Iliyotangulia Kazi

Nilitoka Molo kwa sababu moja tu: jicho la kushoto la baba. Daktari bingwa wa macho alikuwa anakuja kliniki moja ya Milimani, Nakuru, siku hiyo pekee, na tulikuwa tumeonywa kwamba jicho halitamngoja arudi tena. Nikakodi gari dogo. Kabla hatujaondoka nikamtilia dereva, Kimani, noti mkononi juu ya nauli.

"Bakshishi yako hiyo, boss. Tufikishe mapema."

"Usijali, madam. Leo utaona."

Na kweli niliona.

Sachangwan tulikuta ukungu mzito kama uji. Barabara hapo inateremka, malori yanashuka yakilia breki, na Kimani hakupunguza mwendo. Aliyapita mawili mahali ambapo mimi sikuona hata boneti yetu. Nilitaka kumwambia apunguze, nikaona aibu, kwani mbio hizo nilizinunua mwenyewe. Tena nikiwaza jicho la baba, niliogopa kuchelewa pia.

Baba alihudumia meza za hoteli mpaka akastaafu. Akauliza kutoka kiti cha nyuma, "Umempa nini huyu?"

"Bakshishi, baba."

"Kabla ya kazi? Hiyo si bakshishi. Mpishi wetu mkuu alikuwa akituambia neno hilo lilitoka kwa Wajemi, ni kutoa kwa moyo, hata kusamehe. Mgeni anakula, anashiba, anasimama aende zake, ndio anakupa. Wewe umemfunga huyu kijana kamba. Kimani, mrudishie pesa yake, uendeshe vile unajua."

Kimani alinirudishia noti. Gari likatulia. Mimi sikutulia; kila lori tulilolifuata polepole hadi Salgaa niliona linamla baba jicho.

Milimani tulifika tumechelewa. Muuguzi alikuwa anafunga mlango. "Daktari ako na mgonjwa wa mwisho," akasema, kisha akamtazama baba. "Haya, mzee, ingia haraka." Nilikaa kwenye benchi mpaka daktari alipotoka kuniambia jicho limeokolewa.

Jioni tulirudi Molo, baba amefungwa bendeji, anakoroma. Langoni nikampa Kimani noti ile ile. Safari hii hakuiweka mfukoni upesi.

"Madam, asubuhi kwa ile ukungu nilikuwa naogopa hata kuliko nyinyi," akasema. "Lakini nilikuwa nimeshakula pesa yako. Ningekuambia aje?"