Bundi na Nyoka Ghalani kwa Dani

Nikifungua gunia la mahindi makavu, harufu ya vumbi lake hunirudisha kwenye ghala la dani, nyanya yangu. Panya walikuwa wakitafuna mbegu zetu, na kama zingeisha tusingekuwa na cha kupanda. Asubuhi moja tulikuta bundi amelala chini ya nyasi za paa, na sakafuni nyoka wa kahawia anameza panya.

Baba mdogo akashika panga. "Mama, bundi analeta kifo hapa nyumbani! Na huyu nyoka, tunamfuga?"

"Weka panga chini," dani akasema. "Ama hao panya utawakamata wewe kwa meno?"

Nilicheka. Baba mdogo akanuna, akatoka; bundi na nyoka wakabaki kuwinda panya.

Mvua iliponyesha, dani alinijazia viganja mbegu nzima. Tulipanda mpaka mstari wa mwisho.