Kila Neno na Mwenyeji Wake

Siku niliyoripoti kazini, katika shule ya msingi huko Murukulazo, Mwalimu Mkuu alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, akanipa boksi la chaki lililobaki nusu na kusema, "Mwalimu Adela, Kiingereza ni chako. Wenzako wote wamekikataa." Nilikuwa binti wa kijiji cha Keza aliyetoka chuoni juzi na cheti cha Daraja C, lakini nilimjibu kwa sauti iliyozidi umri wangu: "Nimekipokea, Mwalimu Mkuu." Sikukirudisha mpaka siku ya kustaafu.

Ninyi walimu vijana mnaofundishia vitabu vyenye picha za rangi mtashangaa tulifanyaje. Watoto wale walizungumza Kihangaza nyumbani. Kiswahili chenyewe walikutana nacho shuleni, na kila asubuhi walinipokea kwa "Shikamoo, mwarimu!" mpaka mimi mwenyewe nikasahau jina langu la kazi. Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu, nacho kilifundishwa kwa orodha. Unaandika ubaoni neno na maana yake, darasa linaimba, kesho unawauliza. Walioimba vizuri walipigiwa makofi.

Nami niliimbisha. Kisha nikawaambia watunge sentensi, na hapo nikaona tulichokuwa tumepanda. Kwa kuwa tuliwafundisha kwamba big ni kubwa, mvua ikanyesha big, chai ikawa big, na babu ya mtoto mmoja akaugua big. Kosa halikuwa lao. Tuliwapa panga moja tukawatuma wakate nalo kuni, nyama na nywele.

Jibu nililipata machungani. Kwetu Ngara ng'ombe haitwi ng'ombe tu. Kila rangi ya ngozi na kila umbo la pembe lina neno lake, na mtoto akitaja vibaya, wenzake humcheka mpaka jioni. Nikasema moyoni, hawa kuchagua neno wanakujua tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Kilichobaki ni kuwaonyesha kwamba Kiingereza nacho kina mifugo yake.

Basi nikaazima desturi ya nyumbani. Siku ya kupokea mahari, mgeni asiyejulikana haketi hivi hivi. Wazee humuuliza kwa upole kaalikwa na nani, na mwenyeji wake akisema "ni wangu", anapewa kiti na pombe. Nikaandika sentensi ubaoni na kuacha pengo katikati. Mtoto akileta neno, darasa zima lilimuuliza, "Nani kakualika?" Ilimpasa aguse ubaoni neno lililomwalika. Mvua humwalika heavy, chai humwalika strong, mlima humwalika high lakini mtu humwalika tall. Asiye na mwenyeji alirudi kuketi, wenzake wakicheka. Hayo maneno ya jirani ndiyo vitabu vyenu huyaita muktadha. Sisi tuliyaita wenyeji, na mpaka leo naona jina letu ni zuri zaidi.

Miaka ya kuhamia vijijini nilipewa uhamisho kwenda wilaya ya Biharamulo, katika shule ya kijiji kipya cha ujamaa. Nyumba zilikuwa bado na udongo mbichi. Darasani nilikuwa na Wasubi, Wahangaza wachache na watoto wa Kisukuma ambao wazazi wao walikuja na mifugo yao. Asubuhi tulilima shamba la shule, kisha tukaingia darasani na matope miguuni. Darasa moja nililichukua likiwa la nne, nikapanda nalo hadi la saba. Nililipenda, na silionei haya neno hilo.

Vita vya Kagera vilitukuta hapo. Malori ya jeshi yalipita barabarani yakielekea kaskazini, vijana wa mgambo wakaondoka, sabuni ikawa hadithi. Chaki zilipokwisha tuliandika kwa muhogo mkavu, tena uliandika vizuri, ila mbuzi wa jirani walijifunza njia ya kuja kulamba ubao.

Katikati ya hayo akaja Mkaguzi wa Shule. Alikuwa mtu mrefu, msafi, aliyependa kazi yake, sitamsema vibaya. Alikagua maandalio yangu ya somo, akayasifu. Kisha akawaamuru darasa la saba waimbe orodha ya maneno kwa mpangilio wake, na watoto wakatazamana. Mmoja akathubutu kumuuliza kama angeweza kuwapa sentensi. Mkaguzi alinitoa nje.

"Mwalimu, umewafundisha kiburi. Tangu lini mtoto akamhoji mgeni?"

"Hawamhoji mgeni, mzee. Wanahoji neno."

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nitarudi kabla ya mtihani. Nikiwakuta hivi, la saba atapewa mwingine, wewe utashuka la kwanza."

Kufundisha la kwanza si aibu. Ni kazi ya mafundi. Lakini kunyang'anywa watoto wale miezi michache kabla ya mtihani wao, wakabidhiwe mtu wa kuwaimbisha, kulinikosesha hamu ya kula. Mwalimu Mkuu alinishauri nitii. "Imbisha kidogo tu, mama, akija asikie." Nikakataa. Nilikuwa na kichwa kigumu, na nashukuru.

Wiki hizo watu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto Kagera walikuwa wakifika kwa ndugu zao. Kijijini kwetu alikuja mama mmoja na binti yake Kokugonza, wakapokewa na mjomba. Tukamwingiza la saba. Siku ya kwanza tu darasa likampigia mwenzao kelele, "Nani kakualika?" Koku akadhani ni yeye anayeulizwa. Aliinuka, akachukua mfuko wake, akaelekea mlangoni. Nilimkimbilia. Niliumia sana, maana mchezo niliojivunia ulikuwa umemchoma mtoto asiye na kwao. Nikamweleza, na Masanja, kijana wa Kisukuma mwenye mdomo mrefu kuliko wote, akampisha kwenye dawati lake. Tangu hapo Koku alijibu alichoulizwa, basi.

Mkaguzi akarudi kama alivyoahidi. Safari hii alichukua kipande cha muhogo, akasema, "Haya, mnataka sentensi." Akaandika kwa Kiingereza: familia ile, kisha pengo, kisha nyumba yao asubuhi. Masanja akasimama: "Left, mzee. Waliondoka. Kaalikwa na nyumba." Mkaguzi akatikisa kichwa kukubali. Nikapumua.

Koku akainua mkono. "Shikamoo, mzee. Mimi nasema fled."

"Marahaba. Hapana, binti. Hilo ni la mtu anayekimbia hatari, na sentensi yangu haina hatari. Nani kalialika?"

Nilitamani aketi. Darasa langu lilikuwa limeshapona, na sasa mtoto mmoja alikuwa analirudisha motoni.

"Hakuna," Koku akasema. "Lakini hukuandika kama walifunga mlango. Mtu anayeondoka hufunga mlango wake. Sisi hatukufunga. Mama alikuwa anasonga ugali, tukauacha jikoni."

Mbuzi walilia nje. Hakuna mtoto aliyecheka. Mkaguzi akamnyooshea kipande cha muhogo.

"Basi mwalike wewe."

Koku alikwenda ubaoni. Aliandika fled katika pengo, akafuta nukta ya mwisho kwa kidole, akaongeza kwamba mlango waliuacha wazi. Akagusa maneno hayo ya mwisho. "Huyu ndiye mwenyeji wake, mzee." Akarudi kuketi.

Mkaguzi aliketi kwenye dawati la mbele, magoti yakimfika kifuani, akaisoma sentensi ile kama vile haikuanza na maneno yake. Akamuuliza Koku wanaishi kwa nani, kama wanapata chakula, na kama kuna habari za baba. Kwa swali la mwisho Koku alitikisa kichwa tu. Nje, karibu na Landrova yake, Mkaguzi aliniambia, "Kiburi bado kipo, Mwalimu. Lakini darasa ni lako." Nililia nyuma ya ghala la mahindi, kisha nikaingia kufundisha hesabu.

Mwaka ule shule yetu ilipeleka watoto sekondari kwa mara ya kwanza. Masanja alikuwa mmojawapo. Koku hakufanyia mtihani kwetu, kwa sababu vita vilipokwisha, mama yake alitaka kurudi kupalilia migomba yake. Asubuhi ya safari alipita shuleni, mfuko uleule begani, akasimama wima mbele ya darasa na kuniambia kwa Kiingereza kwamba leo wanaondoka. Akatumia leave, neno la kuondoka, si la kukimbia. Darasa likapaza sauti, "Nani kakualika?"

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka. "Mlango," akajibu. "Nimeufunga mwenyewe, ufunguo nimempa mjomba."

Baada ya hapo nilifundisha miaka mingi, nikapanda Daraja A, nikarudi Ngara na hatimaye Keza kwetu. Wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa kambi ya Benaco, nilikutana na wengine wengi walioacha ugali jikoni, na nikajua neno la kuwafundisha watoto wao liko wapi. Nimefundisha watu ambao leo ni waganga, makarani na walimu wenzenu. Sina nyumba ya ghorofa, ila nikipita sokoni nasalimiwa kama askofu.

Siku ya kustaafu niliomba niingie darasani peke yangu. Nilifuta ubao, nikapanga madawati, nikafunga mlango na kumkabidhi Mwalimu Mkuu ufunguo mkononi. Mwalimu mmoja kijana, niliyemfundisha mwenyewe, akanitania mbele ya wageni: "Mama, ndiyo umetukimbia!"

"Kukimbia?" nikamwambia. "Nani kalialika neno hilo? Hukuniona nikifunga mlango?"