Ushahidi wa Mwanamisi

Siku Ramadhani alipomuua Nassoro, Mwanamisi, mke wa Ramadhani, alikuwa jikoni akimenya viazi vya mchana. Ramadhani aliingia na panga mkononi, suruali imelowa tope hadi magotini, akajitupa kwenye kigoda.

"Nimemmaliza yule," alisema. "Mfereji sasa ni wetu."

Yeye na Nassoro walikuwa wakigombania maji ya kumwagilia kabichi tangu kiangazi kianze. Hakuna aliyeshuhudia. Baadaye panga alilitupa mtoni, halikuonekana tena.

Mwanamisi alikaa na maneno hayo siku mbili. Siku ya tatu alikwenda msibani, akamkuta Zuhura, mjane wa Nassoro, ameishiwa sauti kwa kulia. Alitoka pale moja kwa moja hadi kituo cha polisi.

Ukoo wa mumewe ulimtenga. Mama mkwe hakuitikia tena shikamoo yake. Hata hivyo, kesi ilipofika mbele ya jaji, alipanda kizimbani, akaapa, akasimulia yote huku mumewe akimkodolea macho. Ramadhani alihukumiwa kunyongwa. Jioni hiyo Mwanamisi alitapika hadi nyongo, maana alikuwa bado anampenda.

Miaka mitatu baadaye alikuwa sokoni Lushoto akipanga mapeasi, wakili wa serikali akampigia simu.

"Mama, kabla hujaapa, jaji alikueleza kwamba mke halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe?"

"Sikumbuki. Lakini hata angenieleza, ningesema tu. Nilikwenda kwa miguu yangu."

"Najua. Ila sheria inataka uelezwe, na iandikwe kwenye kumbukumbu za kesi kwamba umeelezwa. Haikuandikwa. Mahakama ya rufaa imeuondoa ushahidi wako, na hatukuwa na mwingine."

"Wamesema nilidanganya?"

"Hapana, mama. Ni kama hukusema kitu."

"Na yeye?"

"Ameachiwa jana."

Mwanamisi aliacha biashara yake hapo hapo, akapanda mlima hadi kwa Zuhura, asije akasikia kwa watu. Zuhura alikuwa ameshasikia. Alisimama mlangoni, mkono kwenye komeo.

"Mlipanga," alisema. "Ulijua kesi itaharibika, mumeo arudi."

"Dada yangu, wallahi mimi…"

"Usiniite dada."

Mlango ukafungwa.

Ramadhani alirudi Ijumaa, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe. Hakumpiga wala kumtukana. Alisimama uani mbele ya kaka zake, akatamka talaka, kisha akaomba maji ya kunawa. Aliyemletea ni Sabra, binti yao wa pekee. Mwanamisi alimwita mara mbili. Sabra aliendelea kummiminia baba yake maji.

Mwanamisi alirudi mahakamani mara moja tu, kuuliza kama anaweza kusema upya, safari hii wakiandika kila kinachotakiwa. Karani alimsikiliza kwa upole, akamwambia kesi imekwisha, hakuna wa kumsikiliza.

Sasa anaishi kwa kaka yake Omari, ng'ambo ya bonde, katika chumba alichopewa kwa sharti kwamba jambo hilo lisitajwe mbele ya watoto. Analima karoti kwenye mashamba ya watu. Wanawake wanaopalilia naye wanamwita yule aliyemfunga mumewe, na chakula cha mchana hula wakiwa wamekaa mbali naye kidogo. Sabra aliolewa mwezi wa Februari. Mwanamisi alipata habari wiki mbili baada ya harusi.