Barua za Kukhu

Nilikataa kusoma mpaka darasa la tatu. Nasema nilikataa, si kwamba nilishindwa. Katika makao ya watoto nilikolelewa, nje kidogo ya Kitale, tuliahidiwa peremende, viatu vipya, hata soda. Haya, nikajisemea, someni nyinyi. Mimi nilimtaka mtu mmoja tu: kukhu, bibi yangu mzaa mama, aliyenilea Bumula baada ya mama kufariki. Kisha naye akaugua vibaya, nikachukuliwa na watu wa serikali nikaletwa Kitale nikiwa na miaka sita. "Nikipona nakuja kukuchukua," aliniambia. Basi nilikuwa nangoja. Ya nini kuhangaika na vitabu na hapo mimi ni mpita njia?

Mama mlezi wa nyumba yetu ndiye aliyepata dawa yangu. Alikuwa mwanamke wa haraka na sauti ya juu. Familia yao ilihamia huku Trans-Nzoia zamani kutoka Mkoa wa Kati. Siku moja aliniita barazani akanipa bahasha. "Imetoka kwa nyanya yako." Nilimrukia shingoni. Nikamwambia anisomee, naye akakunja mikono.

"Barua ni yako. Isome mwenyewe."

Wacha! Nilimchukia siku hiyo. Lakini niliilalia ile barua chini ya mto, nikawaganda watoto wakubwa wanionyeshe herufi, wala sikuona haya. Muhula haujaisha nilikuwa nimeisoma yote, mistari sita. Kukhu anaendelea vizuri. Kuku wametaga. Anataka nisome kwa bidii, ndipo atakuja. Niliirudia kwa sauti mpaka wenzangu wakanifukuza bwenini.

Tangu hapo, kila muhula barua. Nami nilijibu, nikampa mama mlezi azipeleke posta mjini. Nilimwandikia kukhu kuhusu jino lililong'oka, mvua ya mawe, msichana aliyeniibia soksi. Darasani nilitoka mkiani nikapanda. Masomo ya bure yalipoanza nilikuwa darasa la tano, tumebanana wanne kwa dawati moja, na bado nikawa nambari moja. Wageni wakija makaoni, mimi ndiye niliyesimamishwa mbele. "Kukhu akisikia hivi!" mama mlezi alikuwa akisema, nami nikijaa furaha mpaka masikioni.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba ilipofika barua ya Krismasi. Kukhu alisema nyumbani kulikuwa na sherehe kubwa: shule zikiwa zimefungwa, mwezi huo wa Desemba, binamu yangu alitahiriwa. Nikakimbia nayo jikoni kumsomea mpishi wetu, mama aliyetoka Naitiri, Mbukusu kama mimi. Aliuacha mwiko umesimama kwenye ugali.

"Desemba? Ati Desemba? Hebu rudia hapo."

Nikarudia.

"Mtoto, sisi tunatahiri Agosti. Tena mwaka huu si wa kutahiri, ni mwaka ujao. Huyo kukhu wako ni wa wapi, bana?" Alicheka sana, kisha akaniona uso, akaushika tena mwiko. "Wanaotahiri Desemba ni watu wa Mkoa wa Kati, wa kina mama mlezi," akasema polepole.

Niliingia chumbani kwa mama mlezi bila kubisha hodi. Nikaiweka barua mezani, nikamwuliza ni nani aliyeiandika. Hakukana. Alifungua droo akatoa furushi la karatasi, na zilikuwa barua zangu, zote, za miaka minne. Hakuna hata moja iliyopelekwa posta. Alikuwa amezisahihisha kwa kalamu nyekundu. Pale nilipomwambia kukhu kwamba namkumbuka sana nikienda kulala, alikuwa ameongeza herufi niliyosahau.

"Hatukuwa na anwani," akasema. "Sikujua hata kama yuko hai. Lakini si umejua kusoma?"

Loo, maneno hayo! Mtu alikuwa amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa miaka minne mizima, na bado alitaka nimshukuru. Hakujua kama kukhu yuko hai, na wala hakuuliza. Kinachonichoma mpaka leo ni kwamba alisema kweli, nilijua kusoma. Sijawahi kufungua kitabu bila kukumbuka ni nani aliyenifundisha, na kwa njia gani.

Sikumsemesha tena zaidi ya ndiyo na la. Nikasoma kwa kisirani, nikapita vizuri mtihani wa darasa la nane. Waliponiuliza nataka zawadi gani nikasema, nipelekeni Bumula. Afisa wa watoto alinipeleka. Tulishuka Bungoma mjini, tukapanda baiskeli za boda, kila mmoja yake, tukauliza njia sokoni Bumula, na kabla ya saa sita tulikuwa uani kwa kukhu. Ilikuwa rahisi hivyo.

Mama mdogo, dada yake mama, alinitambua kwa paji la uso. Alinikumbatia akilia, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye kaburi lililokwisha kuota nyasi. Kukhu alipona ule ugonjwa. Alikuja Kitale mara mbili kunitafuta, na kwa kuwa hakujua niliwekwa makao gani, alirudi mikono mitupu. Miaka yote hiyo alimwuliza kila mtu aliyetoka Kitale kama ameniona. Alifariki nikiwa darasa la sita.

Afisa naye, akitaka kututuliza, akaanza kunisifu. Huyu ni nambari moja, akamwambia mama mdogo, insha zake husomewa shule nzima. Mama mdogo akapangusa macho kwa leso, akanigeukia. Aliuliza kwa upole kabisa.

"Umejua kuandika tangu lini?"

"Darasa la tatu."

"Sasa mbona hukumwandikia, mwanangu? Alikuwa anakungoja."