Sanduku la Nakala

Watu wakisikia kwamba mpaka leo ninaendesha ubao wa kompyuta, wa maandishi matupu ya kijani kwenye kioo cheusi, huniuliza kama nimekosa simu. Simu ninazo mbili. Ubao ni kitu kingine. Sisi ni wachache, kuanzia Waa hadi Wasini, kila mmoja na kompyuta yake nyumbani, na kompyuta hizo hupelekeana barua zenyewe kwa zenyewe. Ukiandika kutoka kwangu Msambweni, barua hupitia Ukunda kwa bwana mmoja wa bara anayetengeneza kompyuta za mahoteli, na mashine yake ndiyo huigawa iende inakokwenda. Hakuna picha wala sauti, wala hakuna anayekuchungulia kuona kama uko macho. Unaandika barua yako, unakwenda zako jikoni.

Nami niliupenda kwa sababu ya mzee mmoja wa kisiwani Wasini. Zamani alikuwa fundi wa simu katika hoteli moja ya Diani, na mimi nilikuwa msichana wa kuunganisha simu katika hoteli hiyohiyo. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi. Miaka michache iliyopita alipasuliwa koo, na sauti ikaondoka. Vidole vyake vinatetemeka, kwa hiyo simu ya kugusa imemshinda, lakini kibodi ya zamani yenye vitufe vinene anaiweza. Ubao ndio uliokuwa mdomo wake. Tuliandikiana habari za antena, za mvua, za wajukuu wake wanaokata waya wake wa shaba kutengeneza vigari. Jambo moja tu hatukuligusa hata siku moja.

Enzi zile za hoteli, mchana mmoja wa Ramadhani, niliingia zamu nikakuta mtambo wa simu unafuka moshi, na fundi anaufuta kwa kitambaa. Chumba kilinukia chai ya iliki. Kikombe kilikuwa juu ya meza yangu. Meneja alipokuja kuuliza, fundi alitazama sakafu. Yeye alikuwa mtu mzima, mwalimu wangu, ndiye aliyewaswalisha wafanyakazi wenzake adhuhuri, nikangoja aseme. Hakusema. Nikafukuzwa kazi kwa kumwaga chai. Wenzetu wa bara waliona ni uzembe tu. Lakini huku kwetu habari ilifika ikiwa na maana nyingine kabisa, kwamba mimi hula mchana. Mama aliisikia kwa majirani. Hakuniuliza. Tumeishi nyumba moja miaka yote hii, na sikuwahi kujua kama aliamini.

Sasa turudi kwenye ubao. Wiki tatu kabla ya Jumapili ninayotaka kuieleza, nilibadilisha programu ya kupeleka barua. Programu hizi huwa na sehemu mbili: mpokezi, anayesimama mlangoni akipokea mzigo, na mpangaji, anayeufungua na kutia kila barua kwenye sanduku lake. Ile ya zamani ilikuwa na kasoro ya kuniudhi. Mtandao ukikatikakatika, barua moja ilikuja mara mbili, mara tatu, kila nakala na saa yake, nyingine na herufi zilizopotea. Mimi sina subira na uchafu. Nikamwagiza mpangaji mpya asitazame saa. Atazame nani ameandika, kisha asome mistari minne ya mwanzo. Akikuta inafanana au inakaribiana na ya barua iliyotangulia, aitupe kwenye sanduku la nakala bila kuniuliza. Nikapanga hivyo kwangu, kisha nikaenda Wasini na diski nikampangia mzee vilevile. Nilijiona fundi hasa. Nakala zikakoma siku hiyohiyo.

Na barua za mzee zikakoma. Nilipata moja, ya kunishukuru, kisha kimya. Nikamwandikia, kimya. Nikaandika tena. Mwisho nikasema basi, labda amechoka na mimi, na nikakasirika kwa namna ambayo haikulingana na barua chache ambazo hazikujibiwa. Ukweli ni kwamba hasira ilikuwa ya zamani, ilitafuta mlango tu.

Jumapili hiyo, baada ya kuswali adhuhuri, nilikaa kufanya usafi. Sanduku la nakala lilikuwa limejaa, na mimi nililiona kama ushahidi wa kazi nzuri. Nikaandika amri ya kulifuta lote. Programu ikauliza kama nina hakika. Sijui ni kitu gani kilichonifanya nifungue barua moja kabla ya kujibu. Labda ni umbea tu.

Ilikuwa ya mzee. Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, natumai u mzima wa afya, wewe na mama na wote walioko nyumbani. Nami kwa rehema za Mwenyezi Mungu sijambo, wala sina neno ila kukujulia hali. Mistari minne kamili, na habari yenyewe bado haijaanza. Nikafungua ya pili: salamu zilezile, neno kwa neno. Ya tatu, ya nne, vivyo hivyo. Ndivyo tunavyoandikiana huku, na ndivyo nilivyomjibu mimi kila siku, kwa salamu zangu zisizobadilika. Aliyeiunda programu ile hakuwajua watu kama sisi, lakini mimi ninatujua, na bado nikaiambia kwamba mistari minne inatosha kumtambua mtu.

Barua ya mwisho ilikuwa ya Alhamisi. Chini ya salamu alisema koo limerudi kuota kitu, na Jumatatu asubuhi watampasua tena Mombasa. Wangevuka Jumapili saa tisa na nusu, maji yakiwa bado yamejaa. Kisha akaandika, "Nina dhima yako ya chai. Niliinywa mimi. Naomba radhi yako kabla sijaingia chini ya kisu. Wanangu hawalijui jambo hili, nakusihi usiwapitishie wao. Ukinyamaza nitaelewa."

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika arubaini.

Alikuwa amengoja tangu Alhamisi, na alikuwa ameshaelewa. Hilo ndilo lililonitoa jasho. Kutoka Msambweni mpaka Shimoni, kisha kuvuka, nisingewahi. Nikampigia binti yake. Akanipa shikamoo, nikaitika marahaba, nikamuuliza baba. Alisema amekwisha kuoga, ashavaa kanzu, na amemwonyesha kwa mkono aizime kompyuta na kuifunika shuka.

"Usiizime," nikamwambia. "Mwambie baba asubiri barua yangu ubaoni. Nusu saa tu."

"Kwani kuna nini, shangazi? Niambie mimi, nitamwambia."

Neno lenyewe lilikuwa mdomoni. Lakini ningesema nimemsamehe, naye angeuliza nini, na mzee alikuwa ameniomba hilo moja. Nikasema ni mambo ya antena. Sijawahi kusikia uongo mjinga kama huo kutoka kinywani mwangu.

Nikaandika upesi. Salamu zote, kama nilivyolelewa, kisha kwamba nimepata barua yake, kwamba mambo yale nimeshayasahau, asijitie huzuni, Mungu ampe shifaa. Nikaituma. Mpokezi akajaribu Ukunda, akashindwa. Akajaribu tena. Nikampigia yule bwana wa Ukunda.

"Madam, huku stima imepotea tangu asubuhi," akasema. "Hapa kila kitu ni off. Labda jioni hivi."

Kwa hiyo njia ilikuwa imefungwa. Nikafungua faili la njia, mahali panapoandikwa barua ya nani ipitie wapi. Nikafuta Ukunda, nikaandika kwamba mzigo wote wa Wasini uende moja kwa moja. Nikakosea nambari ya mashine ya mzee, programu ikagoma. Nikasahihisha. Saa tisa na dakika tano mpokezi akaunganika, kioo kikaandika kwamba barua imepokelewa, nami nikapumua kwa mara ya kwanza.

Nikapiga simu. Binti akaniambia baba amekaa mbele ya kioo, ametazama, hakuna kitu.

"Atazame tena."

"Ametazama, shangazi. Anatikisa kichwa. Na mwenye boti ashaita mara mbili, anasema maji hayamngoji mtu."

Imepokelewa, na haipo. Nilikaa nikiangalia maneno yale mawili yanavyopingana, mpaka nikakumbuka ni nani aliyekwenda Wasini na diski. Mpokezi wake aliipokea. Mpangaji wake akasoma mistari minne, akakuta salamu zangu ni zile anazozijua, akaitupa. Alitii amri yangu. Kumweleza binti jinsi ya kulifungua sanduku lile kwa simu kungetaka muda ambao hatukuwa nao, na barua yenyewe angeiona yeye kwanza.

Ilibidi niandike bila salamu. Ukiwa hukulelewa huku hutajua uzito wake. Kumwandikia mtu aliyekuzidi umri, mgonjwa, anayesafiri, ukaingia ndani ya barua bila hata hodi, ni kumtukana. Nilifikiria kubadilisha salamu, kuanza kwa maneno mengine, lakini nilikuwa nimeagiza hata zinazokaribiana zitupwe, na sikuwa na nafasi ya kubahatisha. Nikakaa mbele ya kioo kitupu. Hapo ndipo nilipoona kilichokuwa ndani ya ile barua ya kwanza. Nilikuwa nimemdanganya. Sikuwa nimesahau kitu. Salamu ndefu zilinipa mahali pa kupitia huku nimefunika uso, na sasa sikuwa nazo.

Nikaandika, "Siku ile nilikuwa nimefunga. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Nimekusamehe."

Nikaisoma mara moja. Nikajiuliza kama ni kweli, nikaona kwamba baada ya kuyaandika yale mawili ya mwanzo, la tatu lilikuwa kweli. Machozi yalinitoka, sikuyaficha, hakukuwa na mtu. Nikatuma. Saa tisa na dakika ishirini na mbili.

Simu ilikuwa wazi sikioni. Nilimsikia binti anamjibu mtu wa nje. Akaniambia baba anasoma. Kisha akaniambia kwamba baba amemwashiria atoke chumbani afunge mlango. Kisha akanong'ona kwamba anasikia vitufe, baba anaandika, na mwenye boti amekasirika kweli sasa. Nikamwambia amwache aandike. Tukakaa hivyo, mimi na yeye, tukisikiliza vitufe vinene vikigonga pole pole, kimoja, halafu kingine. Saa kumi kasorobo vilikoma. Wakaondoka na maji yanayokupwa, na mwenye boti, nilivyoambiwa baadaye, aliwashusha kwenye matope.

Kwenye sanduku langu hakikuingia kitu. Nilikuwa nimeshaondoa ile amri ya mistari minne, nikalichungulia na sanduku la nakala kila baada ya dakika chache. Hakuna. Nikasema labda amekasirika kwa kukosa salamu. Nikasema labda njia imeharibika tena. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi ya Jumatatu, wakati nilipojua ameshalazwa mezani, nilikuwa nimekaa palepale.

Binti alipiga simu baada ya adhuhuri. Baba ametoka salama, bado ana usingizi wa dawa. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Binti hakukata simu. Akasema, "Shangazi, tumeisoma. Waliobaki nyumbani waliikuta kiooni, wakatutumia picha. Sisi sote tumeisoma."

Nikamuuliza wameisoma nini. Akaniambia nitazame ukumbi, nisitazame sanduku langu.

Ukumbi ni mahali pa wote. Barua ya pale haitumwi kwa mtu. Inafika kwenye kila kompyuta tuliyonayo, kutoka Waa hadi Wasini. Ya mzee ilikuwa imekwama Ukunda mpaka umeme uliporudi, ndipo ikagawiwa kwa wote. Mtu aliyeniandikia miaka yote bila kuruka hata herufi moja ya salamu, safari hii alikuwa ameanza moja kwa moja:

"Chai iliyounguza mtambo wa simu ilikuwa yangu. Niliinywa mchana wa Ramadhani, nikaacha asingiziwe msichana aliyekuwa amefunga. Wanangu, nanyi someni."

Chini yake hakukuwa na kitu kingine, hata jina lake.

Niliinyanyua kompyuta yangu ya kupakata, yenye betri, na waya wake ukining'inia, nikaipeleka uani ambako mama alikuwa anachambua mchicha. Macho yake hayaoni maandishi siku hizi. Nikamsomea. Mikono yake ilisimama juu ya ungo, naye akaangalia majani kana kwamba amepoteza hesabu yake.

Kisha akaniambia nisome tena.